Kumulika mayai: kujua kama yai lina uhai kabla ya kuanguliwa

Kuku akishatulia kwenye kiota, kifua kimetandazwa na manyoya yametuna, mwenye kuku anabaki na wiki tatu za kubahatisha. Kumulika mayai ndiyo njia ya kupunguza kubahatisha huko. Maana yake ni kuliweka yai mbele ya mwanga mkali mahali penye giza ili yaliyomo ndani yaonekane bila kulivunja. Ganda la yai tunaliona kama ukuta, kumbe ni jembamba, tena lina maelfu ya vitundu vya kupitishia hewa. Mwanga hulipenya, na yai zima likawaka rangi ya chungwa. Zamani watu walitumia mshumaa. Siku hizi tochi ndogo inatosha, hata ya simu, mradi mwanga wake ubanwe upite kwenye tundu dogo kuliko yai. Kipande cha boksi kilichotobolewa kinafaa kabisa.

Kabla ya kushika tochi, tulitazame neno viza, maana ndilo linalowachanganya wengi. Kuku akiinuka na vifaranga wanane, mayai manne yaliyobaki yote huitwa viza na kutupwa. Lakini katika hayo manne kunaweza kuwa na visa vitatu tofauti. Kuna yai ambalo halikuwa na mbegu ya jogoo tangu lilipotagwa. Kuna yai lililokuwa na mbegu, kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) kikaanza kukua, kikafa njiani. Na kuna yai lililoingiliwa na bakteria likaoza. Hilo ndilo viza hasa, lenye harufu ya kukimbiza watu na gesi inayoweza kulipasua mkononi. Ukisubiri hadi mwisho, ni vigumu kujua lipi lilikuwa lipi. Ukimulika mapema, unaona ni wapi mambo yalikoharibika.

Mapema ni lini? Siku mbili tatu za mwanzo usijisumbue. Moyo wa kiinitete cha kuku huanza kupiga siku ya pili, lakini ni kitu kidogo mno kuonekana kupitia ganda. Yai jeupe huanza kusema siku ya nne au ya tano. Yai la kahawia huficha siri zaidi, kwa hiyo siku ya saba ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote ambaye jicho lake halijazoea.

Siku hiyo ya saba tafuta mishipa ya damu. Yai lililo hai lina doa jeusi, na kutoka kwenye doa hilo mishipa myembamba myekundu inatawanyika kama miguu ya buibui. Ukitulia na kushikilia yai bila kutikisa, doa lenyewe huweza kuruka kidogo. Yai lisilo na mbegu huwaka wazi kote, na ndani yake kivuli cha kiini kinaelea polepole ukiligeuza. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hupotea: wanaona kivuli cha kiini wanadhani ni kifaranga. Kivuli peke yake si ushahidi, hoja ni mishipa. Lile lililokufa mapema lina alama yake isiyofanana na nyingine, pete nyekundu. Kiinitete kikifa, damu huacha mishipa na kujikusanya ukingoni, ikachora duara au kipande cha duara ndani ya ganda.

Yai likikutia shaka, liandike alama kwa penseli, lirudishe, lipime tena baada ya siku tatu. Yai moja tasa halimdhuru kuku kwa siku tatu, ila yai lenye uhai ukilitupa umepoteza kifaranga.

Shaka nyingi huanzia kwenye hesabu ya siku. Siku haihesabiwi tangu yai lilipotagwa, bali tangu kuku alipoanza kulilalia usiku na mchana. Kabla ya hapo, kiinitete kimelala tu: yai likipoa baada ya kutagwa, ukuaji husimama, ukisubiri joto la mwili wa mama. Ndiyo sababu mayai yaliyotagwa kwa siku kumi mfululizo huanguliwa karibu siku moja. Tatizo huja pale kuku wengine wanapoingia kwenye kiota kileile na kuongeza mayai yao wakati mwenyewe ametoka kula. Ukimulika, yai la siku ya pili limekaa kando ya yai la siku ya tisa. La kwanza linaonekana tasa nawe unalitoa, kumbe lina uhai. Weka alama mayai yote siku kuku anapoanza kulala, na lolote lisilo na alama liondoe siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe ifanye usiku, kuku akiwa mtulivu, au atokapo kwenye kiota kula na kunywa, jambo ambalo wengi hulifanya mara moja kwa siku kwa dakika kama 15 au 20. Mikono iwe misafi na mikavu. Pitisha kiganja chini yake kikilifunika yai, kwa sababu atadonoa, na ukishtuka utaliangusha. Upande mpana wa yai ndio ukae kwenye tochi, maana huko ndiko kwenye chumba cha hewa. Sekunde chache zatosha. Yai kupoa kidogo si neno. Mama mwenyewe huyaacha kila siku.

Wahenga walisema kuku havunji yai lake. Kwenye kiota chenye mayai mengi kuliko kifua chake, anavunja. Kwa hiyo unapomulika angalia na nyufa pia. Huonekana kama mstari unaong'aa kwenye ganda. Yai lililopasuka likimwagikia mengine huziba vitundu vyao na kualika bakteria.

Siku ya 14 picha ni nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya yai ni giza, isipokuwa chumba cha hewa juu, chenye mpaka unaoonekana wazi, na karibu na mpaka huo kuna mishipa. Chumba hicho hukua siku hadi siku kwa sababu maji hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda. Kufikia siku ya 18 yai huwa limepoteza karibu asilimia 12 ya uzito wake. Yai lenye giza lisilo na mshipa hata mmoja, ambalo yaliyomo yanachezacheza kama maji kwenye chupa, limekwisha. Litoe taratibu.

Mayai uliyoyatoa yana habari. Yakiwa mengi yanawaka wazi bila mishipa wala pete, shuku jogoo, au mayai yaliyokaa muda mrefu kabla ya kulaliwa. (Kuku aliyetengwa na jogoo huweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa karibu wiki mbili, kwa hiyo usimhukumu jogoo mgeni haraka.) Pete zikiwa nyingi, fikiria mayai yaliyohifadhiwa kwenye joto au yaliyotikiswa. Vifo vya siku za mwisho mara nyingi hurudi kwa mama mwenyewe: aliacha kiota, na kilichomtoa huwa ni utitiri au chawa. Wachunguze usiku, ndipo utitiri wengi hutoka kunyonya. Na kama kuku wawili walianza siku moja na kila mmoja amebakiwa na mayai machache, yaunganishe chini ya mmoja, mwingine arudi kutaga.

Hesabu hizi ni za kuku. Kware huangua siku ya 17 au 18, kanga siku 26 hadi 28, bata wa kawaida na bata mzinga siku 28.

Kuna wanaoyapima mayai ya siku za mwisho kwa kuyaelesha majini, yanayotikisika yakahesabiwa hai. Sishauri. Ganda likiwa limeshatobolewa na mdomo wa kifaranga, umemzamisha.

Baada ya siku ya 18 weka tochi kando. Ukimulika kwa mara ya mwisho siku hiyo utaona mwanga unapenya kwenye chumba cha hewa tu, na mpaka wake umeinama upande mmoja. Karibu siku ya 20 kifaranga hutoboa utando wa chumba hicho na kuvuta pumzi ya kwanza. Hapo hakuna haja ya mwanga tena: inama karibu na kiota usiku, utasikia sauti nyembamba ikilia ndani ya ganda, na mama akiijibu kwa sauti ya chini.