Mwaka wa alumnai wa JET unaanza mwezi wa nane, sio Januari

Jumamosi iliyopita nimeulizwa tena. Ilikuwa harusi ya Watanzania wenzetu huku Marekani, sahani ya pilau mkononi, shemeji yangu akanisogelea: "Shem, hivi kile kikundi chenu cha kula sushi mnavunja lini? Mnagawana bei gani?" Anamaanisha tawi letu la waliowahi kufanya kazi Japani kupitia programu ya JET. Nikamjibu vizuri, kwanza ni shemeji, halafu bibi harusi ndo alikuwa anaingia. Huyo namsamehe, kichwani mwake kuna kikoba, na watu wazima wanaokutana mwaka mzima bila kugawana chochote kweli wanahitaji kujieleza.

Nisiyemuelewa ni mwenzetu wa ndani. Siku tatu kabla ya hiyo harusi tulikuwa na kikao cha kamati mpya ya tawi, na mtu aliyefundisha Japani miaka mitatu mizima akaleta ratiba ya mwaka: Januari shinnenkai (sherehe ya mwaka mpya), Aprili hanami (pikiniki ya kutazama sakura, maua ya micheri), Julai kuwaaga wanaoondoka, Oktoba karaoke, Desemba bonenkai (sherehe ya kufunga mwaka). Kamati ikapiga makofi. Mi nikaomba nafasi, nikaongea mpaka mwenyekiti akaangalia saa, na bado sijamaliza.

Haraka haraka kwa mgeni: JET ni programu ya serikali ya Japani ya kupeleka vijana wa nje kwenye shule na halmashauri za huko, ilianza 1987 na watu 848 kutoka nchi 4, Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Wengi wanaenda kama ALT, yaani walimu wasaidizi wa lugha, wachache CIR, waratibu wa mahusiano ya kimataifa. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaongezwa, mwisho miaka 5, halafu unarudi kwenu. Chama cha waliorudi kipo tangu 1989 na kina matawi zaidi ya 50 duniani, Marekani peke yake 19. Kwenye tawi letu hakuna anayelipwa, kila mtu ana kazi yake na watoto wake. Mimi nimezaliwa Tanga, nikaja huku na wazazi baada ya kidato cha pili, nikachukua uraia, nikaenda mkoa wa Shimane, Japani, kuwa ALT miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye ile ratiba. Kosa lake sio karaoke. Kosa ni kwamba imeanzia Januari kwa sababu kalenda ya ukutani inaanzia Januari, na imefuata sikukuu za Japani kama vile sisi tuko Japani. Sisi hatuko Japani. Hanami yenyewe mtu anaipanga mwanzoni mwa Aprili kwa sababu ndo sakura zinavyochanua Tokyo, Washington nako zinakaribiana na hapo, lakini nenda Jackson Park kule Chicago wiki hiyohiyo uone, miti mikavu, watu wamekaa kwenye mkeka na makoti mazito wanakula onigiri (matonge ya wali) za baridi. Huku kwetu kwenye baridi sakura unaisubiri mpaka Aprili imeenda, na usitangaze tarehe mapema, unatangaza ukiona machipukizi. Na bonenkai ya Desemba kila mwaka inakosa watu maana Desemba kila mtu kaenda kwao na kumbi bei juu. Fanya shinnenkai mwishoni mwa Januari, mchanganye na mkutano mkuu, mmalize. Hayo nayapita, ni madogo.

Kubwa ni hili. Maisha ya JET yana milango miwili na yote iko kwenye kiangazi. Wapya wanaondoka mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, na waliomaliza mikataba wanarudi kipindi hichohicho. Hiyo ndo siku ya kwanza ya mwaka wetu. Kamati inayoanza kwa nguvu Januari, ikaandaa shinnenkai, hanami, pikiniki, ikifika Julai imechoka na hela zimebaki za soda, inawaaga wapya kwa sherehe moja nzuri sana ya mwisho halafu inaenda likizo. Agosti hamna mtu. Na Agosti ndo mtu anashuka uwanja wa ndege na masanduku mawili na hajui aanzie wapi.

Nikisema hivi wengi wananijibu, anayeondoka ndo ana shida zaidi, anaenda ugenini. Hapa ndo huwa nakasirika kidogo, mnivumilie.

Anayeondoka ana watu. Ana semina ya maandalizi, ana ubalozi mdogo, anafika Tokyo anapokelewa na kuwekwa hotelini na mamia wenzake wanapewa semina nyingine, akifika mkoani kuna mtu wa BOE, bodi ya elimu ya huko, amesimama na karatasi yenye jina lake. Shule zimefungwa, anakaa kwenye dawati chumba cha walimu mwezi mzima anaangalia feni, lakini hata huo upweke wake wenzake wote wanaujua na wanauzungumza. Ana mtangulizi aliyemwachia sufuria na barua. Anayerudi hapewi barua na mtu. Wiki mbili tu zilizopita alikuwa "sensei", mwalimu, kijiji kizima, watoto wanamwita barabarani, mama wa duka la tofu anajua anapenda ipi, kwenye sobetsukai, sherehe ya kumuaga, kocho sensei, mwalimu mkuu, kalia. Leo amelala kwenye chumba alichokuwa analala akiwa na miaka kumi na saba, anatuma CV, na anayemsomea CV anamuuliza kama kufundisha Kiingereza ni kazi.

Nikiwa kidato cha kwanza Tanga tulifundishwa hesabu na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Wajitolea wa Japani walikuwa wanakuja Tanzania tangu 1967, miaka miwili halafu wanaondoka. Alifundisha vizuri, Kiswahili chake cha kukatakata lakini anakielewa. Siku ya kumuaga tulipika, tukaimba, tukamvika khanga, akalia, tukalia. Basi likaondoka. Sijawahi hata siku moja, mpaka niliporudi mimi mwenyewe kutoka Shimane, kujiuliza yule mwalimu alirudi kwenye nini. Nani alimpokea? Alimwambia nani kuhusu sisi, na huyo mtu alimsikiliza kwa dakika ngapi? Tulijua kuaga. Kuaga kila mtu anajua.

Kwa hiyo ratiba yangu mimi inaanzia Agosti na watu wanaorudi. Na hapa pia kuna kosa ndani ya kosa, nilishalifanya mwenyewe kwa hiyo nalijua vizuri. Tulikuwa tunafanya tafrija moja ya kuwakaribisha, mwanzoni mwa Septemba, watu wamevaa suti, kadi za biashara, wazee wa miaka ya tisini wanawashika bega kuwaambia Japani ya wakati wao. Wanaorudi wanacheka, wanapiga picha, tunaandika ripoti kwamba imefana. Septemba ni mapema mno! Septemba mtu bado anaongea, bado ana zawadi za kugawa, kila ndugu anataka kusikia hadithi. Ukimya unakuja baadaye, ndugu wakishachoka kusikia "kule Japani sisi tulikuwa...", kwa hawa wa kwetu naona ni kama Novemba hivi. Mtu aliyekuwa anajibu wotsapu ndani ya dakika moja anaanza kujibu baada ya siku nne. Kama tafrija yako ilikuwa Septemba na kinachofuata ni bonenkai, umempoteza, hatarudi tena, na utasema vijana wa siku hizi hawajali.

Septemba ifanyie kazi ya Septemba. Pensheni. Wote wamekatwa pensheni Japani na wanaweza kudai malipo ya mkupuo ndani ya miaka miwili tangu waondoke, halafu wengi wanakatwa kodi 20.42% kwenye hayo malipo, na hiyo kodi inadaiwa kurudishwa kupitia mwakilishi wa kodi aliyeko Japani, ambaye ni rahisi zaidi kumpata ukiwa bado uko huko. Na kwa Mmarekani kuna jambo ambalo kila mwaka naona mtu haambiwi: tangu 2005 kuna mkataba wa nchi hizi mbili wa kuunganisha miaka ya michango, ukichukua zile hela, miezi yako ya Japani haihesabiwi tena. Kwa kijana wa miaka 24 pengine sio kitu, lakini mtu aliyekaa miaka mitano akae chini afikirie. Kaeni Jumamosi moja asubuhi, leteni fomu, hati ya kusafiria, namba ya pensheni, mtu mmoja mzoefu kwenye meza. Chapati na chai zinatosha. Watu wanaokuja kwa ajili ya fomu ndo wanaobaki kuongea.

Vuli ina kazi zake na zinakwenda zenyewe: maombi ya JET yanafunguliwa, tunaenda vyuoni, tunasoma barua za kurasa mbili za waombaji. Hapohapo kuna kundi la kusoma kwa ajili ya JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani, maana huku Marekani mtihani ni mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya Desemba. Mpe aliyerudi juzi alifundishe hilo kundi. Usimpe cheo, mpe kazi.

Kisha Januari na Februari intavyuu. Nimekaa kwenye jopo na sisemi kilichosemwa mle ndani. Nitasema tu yangu, kwamba mpaka leo sina uhakika kama nilikuwa natafuta mwalimu mzuri au nilikuwa natafuta mtu aliyenikumbusha mimi nikiwa na miaka 23. Nimelifikiria hili nikiwa naendesha gari kurudi nyumbani, na mwaka uliofuata bado sikuwa na jibu. Miezi hiyohiyo, kule Japani, walioko wanajaza fomu za kuongeza mkataba au kuacha. Yaani anayerudi Agosti ameshaamua tangu Februari. Tungeweza kumwandikia wakati huo. Mwaka huu nimeomba tufanye hivyo, kamati imesema itaangalia.

Tarehe 11 Machi hatufanyi sherehe. 2011 walimu wawili wa JET, Wamarekani, walifariki kwenye tsunami, Taylor Anderson aliyekuwa Ishinomaki na Montgomery Dickson aliyekuwa Rikuzentakata. Tunakutana, tunasoma majina, tunachangia vitabu. Kuna fundi seremala wa Ishinomaki ambaye watoto wake watatu walifariki siku ile, na ndiye aliyetengeneza rafu za vitabu za shule kwa kumbukumbu ya Taylor, aliyekuwa amewafundisha. Nikiwa na mtu mpya kwenye kikundi namhadithia hili kabla ya kumhadithia kitu kingine chochote. Ratiba ya yule mwenzetu haikuwa na mwezi wa tatu kabisa.

Julai tunawaandaa wanaoondoka, na hapo nina shaka nyingine. Tuna msemo wetu, ESID, kila hali ni tofauti. Mpya akiuliza nitaishi wapi, ESID. Nitafundisha darasa gani, JTE wangu, yaani mwalimu Mjapani nitakayefundisha naye, atakuwaje, ESID, ESID. Ni kweli tupu, Shimane yangu na Osaka ya mwingine ni nchi mbili. Lakini nimeanza kuona tunautumia ili tusiseme yale magumu, mfano kwamba utakaa wiki nzima bila mtu kukuuliza habari yako, au kwamba chumba chako Januari kitakuwa na baridi kuliko nje. Nimewahi kumwambia kijana kila kitu, kila kitu kabisa, na akarudi baada ya miezi minne. Mwingine sikumwambia chochote, amemaliza miaka mitano. Kwa hiyo sijui semina zetu zinasaidia kiasi gani. Naendelea kuzifanya.

Ila kupiga simu Novemba najua kunasaidia. Nina daftari, nimeandika majina ya wote waliorudi Agosti, na Jumapili ya pili ya Novemba nawapigia mmojammoja, sio meseji, simu. Mwaka jana kijana mmoja hakupokea mara mbili, ya tatu akapokea, sauti nzito kama mtu aliyelala. Nikamuuliza, pale kwako gari la mafuta ya taa lilikuwa linapita na wimbo gani? Maana kila mji lina wimbo wake, linazunguka mitaani wakati wa baridi linauza mafuta ya sutobu, majiko ya kupasha nyumba joto. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kuuimba. Tukakaa kwenye simu dakika arobaini.