"Mwalimu, bado sijaijua karama yangu"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naimalizia mwenyewe kabla msemaji hajafika mwisho. Kazi yangu kanisani ni kuwapanga wahudumu. Nafundisha darasa la washirika wapya, natengeneza zamu, na mwalimu wa watoto asipotokea Jumapili asubuhi, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Niombee kwanza Mungu anionyeshe karama yangu, ndipo nianze kutumika," naona mambo mawili kwa pamoja: mtu anayetaka kweli kumtumikia Mungu, na darasa la watoto thelathini wasio na mtu wa kukaa nao.

Naandika nikiwa nimechoka kidogo. Mnisamehe ukali utakapojitokeza.

"Siwezi kuhudumu mpaka niijue karama yangu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote potofu kuhusu karama. Imevaa vazi la unyenyekevu, na kwa kuwa imetajwa pamoja na maombi, hakuna anayethubutu kuikemea. Lakini itafute kwenye Agano Jipya, huipati. Paulo anazitaja karama katika Warumi 12, 1 Wakorintho 12 na Waefeso 4, naye Petro anazigusia katika waraka wake wa kwanza. Hakuna hata mahali pamoja ambapo muumini anaambiwa aketi, aichunguze nafsi yake, aitambue karama, kisha ndipo ashike kazi. Petro anasema, "kila mmoja kwa kadiri alivyoipokea karama, itumieni kwa kuhudumiana." Timotheo anaambiwa na Paulo asiache kuitumia karama iliyomo ndani yake, na katika barua ya pili anaambiwa aichochee. Neno la Kiyunani pale ni la mtu anayewasha upya moto uliofifia. Moto huo hauchochewi kwa kuukodolea macho.

Hapo nitajibiwa: "Lakini Paulo kasema takeni sana karama zilizo kuu." Kasema, 1 Wakorintho 12:31. Anasema na kanisa zima lililokusanyika, kwa wingi, na sura ya 14 inaeleza ukuu huo unapimwaje: ni karama ipi inayowajenga wengine. Hasemi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani akisubiri ndoto.

Orodha zenyewe zingetosha kututoa kwenye kosa hili. Warumi 12 ina karama saba. 1 Wakorintho 12, mstari wa 8 hadi wa 10, ina tisa. Ukishuka hadi mstari wa 28 wa sura hiyo hiyo, unakuta nane, na nne kati yake (mitume, waalimu, masaidiano, maongozi) hazimo kwenye zile tisa. Mtu anayetunga fomu ya kujaza haandiki hivyo. Paulo, akiandika kama mwaka 55, alikuwa anatoa mifano kwa kanisa lililokuwa linagombana. Sisi tukazikusanya orodha, tukazijumlisha, tukaondoa zilizojirudia, tukapata hesabu, na hesabu ikazaa dodoso. Madodoso hayo yalianza kusambaa Marekani katika miaka ya 1970, na leo yamo kwenye simu: jibu maswali, jumlisha alama, karama yako hii hapa.

Siyachukii. Nimewahi kuyagawa darasani mimi mwenyewe. Lakini ndugu mmoja alijaza dodoso lile lile mara tatu katika miaka miwili. Mara ya kwanza akatoka mwinjilisti, mara ya pili mkarimu, mara ya tatu mwombezi. Alinijia na karatasi zote tatu, zimekunjwa vizuri katikati ya Biblia, aniulize ipi ndiyo ya kweli. Nikamuuliza kwa hiyo miaka miwili amemshuhudia nani, amempa nani, amemwombea nani. Akatabasamu, akazirudisha kwenye Biblia. Dodoso linapima unavyojiona wewe. Karama wanaiona wale inaowafaa.

Lugha yetu ingeweza kutukumbusha hilo bila mahubiri. Karama, karimu, kukirimu, ukarimu: shina ni moja. Ni kitu cha kukirimia watu. Na tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inauweka mstari wa 7 wa 1 Wakorintho 12 hivi: "kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana." Kufaidiana! Hiyo *-ana* mwishoni inadai watu wawili, kama ilivyo kwa kupendana na kusalimiana.

Mtazame Filipo. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yanazuka, mitume wanawaambia wanafunzi wachague watu saba "walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima". Walioshuhudiwa, yaani na wengine. Hakuna aliyeulizwa kama anajisikia mzigo wa huduma ya meza. Filipo akaenda kugawa chakula. Sura mbili mbele yuko Samaria anahubiri na mji mzima una furaha, na miaka ipatayo 20 baadaye, Matendo 21:8, anaitwa mhubiri wa Injili, "aliyekuwa mmoja wa wale saba". Angekaa kusubiri ajue kwanza kuwa yeye ni mhubiri, wajane wangelala njaa.

Kuna mama mmoja simsahau. Mkimya, mtu wa makamo. Alinisubiri mpaka watu wakaisha, akasema, "Mwalimu, nimefunga mara mbili kwa ajili ya jambo hili, sijaonyeshwa kitu." Alipofungua kitabu chake cha nyimbo anionyeshe mstari aliouandika, kikadondoka kipande cha karatasi. Majina kumi na moja kwa penseli, saba yamekatwa kwa mstari. Nikauliza ni nini. "Aa, hao? Hao ni watu ambao Jumapili sikuwaona. Nikishampigia mtu, namkata." Tangu lini? Hakukumbuka vizuri, labda miaka sita. Mchungaji hakujua. Mimi, mpanga wahudumu, sikujua. Waliojua ni waliopigiwa simu. Nilimwambia asifunge tena kwa ajili hiyo, anunue daftari.

Basi ushauri wangu ni ule ule, na wanaonifahamu wameuchoka: shika kazi iliyo wazi, ifanye miezi mitatu, kisha waulize watu watatu wanaokuona ukiifanya. Miezi mitatu, si Jumapili mbili. Nami najua kazi haina adabu katika kumwambia mtu ukweli. Nilikaa na kwaya miezi minne nikiamini nimepewa uimbaji. Mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni akasema, "Ndugu yangu, wewe unapanga ratiba ya mazoezi vizuri mno." Tulielewana. Ndiyo maana leo natengeneza zamu.

"Fulani ana karama kubwa, ni mtu wa rohoni sana"

Kanisa la Korintho lilikuwa halipungukiwi na karama yoyote. Paulo anasema hivyo mwanzoni kabisa, 1:7. Sura mbili baadaye anawaambia hawezi kusema nao kama watu wenye tabia ya rohoni, bali kama watoto wachanga katika Kristo. Kanisa hilo hilo lilikuwa na husuda na fitina, washirika walipelekana mahakamani, na kwenye chakula cha Bwana mmoja alikaa na njaa huku mwingine amelewa. Karama tele, tabia hakuna. Kayafa, kuhani mkuu, alitoa unabii wa kweli (Yohana 11:51) katika baraza lile lile lililoanza kupanga kumwua Yesu.

Karama mtu hukabidhiwa. Tunda la Roho la Wagalatia 5 huota, nalo huota polepole. Kila mara tunapomkabidhi kijana mwenye kinywa kitamu mimbari katika mwezi wake wa pili kanisani, tunamfanyia ukatili, halafu akianguka tunashangaa. Paulo kaandika msimamizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, na kwamba mtu asiwekewe mikono kwa haraka. Sioni kilichofichika hapo.

"Hiyo si karama yangu"

Hii ni ndugu mdogo wa ile ya kwanza, ila yenyewe imeshajua karama yake na inaitumia kama ngao. "Mimi ni mwombezi, mambo ya kutoa yana watu wake." Rudi Warumi 12. Kukirimu, kurehemu, kuhudumu: yote yametajwa kama karama za baadhi, na yote ni amri kwa kila Mkristo mahali pengine. Mwenye karama ya kurehemu hurehemu kwa wepesi na kwa furaha, hata mahali ambapo wewe na mimi tungeishiwa subira. Sisi wengine tunarehemu hivyo hivyo, kwa shida. Kuhusu vyoo vya kanisa, sijawahi kukutana na mwenye karama ya vyoo. Na Yohana 13 haielezi kwamba Yesu alikuwa na karama ya kuosha miguu.

"Karama ni za madhabahuni"

Masaidiano yametajwa kwenye mstari mmoja na miujiza. Maongozi vilevile, na neno lake la Kiyunani linatokana na kazi ya nahodha anayeshika usukani wa chombo. Watu wa mahesabu na ratiba, hapo ndipo mlipotajwa. Dorkasi wa Matendo 9 alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Walisimama wakilia, nguo mikononi.

"Roho akinishukia siwezi kujizuia"

Unaweza. "Roho za manabii huwatii manabii," 1 Wakorintho 14:32. Wanaonena kwa lugha wawe wawili, wasizidi watatu, mmoja baada ya mwingine, na kama hakuna wa kufasiri wanyamaze katika kanisa. Paulo asingetoa maagizo ya zamu kwa watu wasioweza kujizuia.

"Usiponena kwa lugha huna karama"

"Je! wote wanena kwa lugha?" anauliza Paulo, na kwa Kiyunani swali limeundwa kwa namna inayotarajia jibu la "hapana". Najua Wapentekoste wengi hutofautisha lugha kama ishara ya kujazwa na lugha kama karama ya ibadani, na mjadala huo una heshima yake. Lakini kumtoa mtu kwenye hesabu ya waliokirimiwa kwa sababu ya karama moja ni jambo ambalo sura nzima ya 12 imeandikwa kulipinga. Jicho haliwezi kuuambia mkono, sina haja na wewe.

"Sijiandai, Roho atanipa la kusema"

Ahadi ya Mathayo 10:19 ni kwa waliokamatwa na kupelekwa mbele ya mabaraza. Wewe umepewa taarifa wiki tatu kabla kwamba utafundisha. Bezaleli, ambaye Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza Roho kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, alitiwa pia moyoni kuwafundisha wengine (35:34). Ujuzi uliotoka kwa Roho ukafundishwa, maana yake ukajifunzwa. Wapiga ala wetu wanaelewa hili kuliko walimu wetu: mpiga kinanda asiyefanya mazoezi tunamsikia wote kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Mwalimu asiyejiandaa tunamwita mnyenyekevu.

"Nikipumzika, Mungu ataitwaa karama yake"

Hii huwashika wale wachache wanaofanya kazi ya wale wengi wa dhana ya kwanza, na hawa ndio ninaowaonea huruma. Mtu ana zamu ya mlangoni, ya watoto, ya kwaya, na ya kutembelea wagonjwa, amekonda, anawakaripia wa nyumbani kwake, na bado anaogopa kusema amechoka. Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na aliyemwambia ukweli hakuwa nabii, alikuwa mkwewe: "Jambo hili ufanyalo si jema." Kisha akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Musa alisikiliza, na hakuna popote ilipoandikwa kwamba aliporudi asubuhi iliyofuata alikuta amepokonywa kitu.

Nikimkuta mhudumu mwenye zamu nne, namwambia achague mbili za kuacha. Akishindwa kuchagua namchagulia, nazifuta mbele yake, kisha nalifungua lile daftari langu la watu wanaoisubiri karama yao ijulikane. Naanza kupiga simu kuanzia jina la juu.