Madoa ya nyota hayahitaji picha

Kila tukiwakusanya watu ufukweni Nyali, Mombasa, kutazama nyota, hakosi mmoja wa kusema: "Nyota ni nukta tu hata kwenye darubini kubwa. Hayo madoa ya usoni mwa nyota mmeyabuni, picha iko wapi?" Nimechoka kulisikia neno hilo, maana linafuta kazi ya karne nzima.

Tuna spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake, wenye mistari myembamba myeusi. Chukua RS Canum Venaticorum, nyota mbili zinazopatwana kila baada ya siku 4.8. Mvuto wa jirani umeifanya ile iliyo baridi zaidi ijizungushe kwa muda huohuo, ilhali Jua huchukua takriban siku 25 kwenye ikweta yake. Kasi hiyo huchochea usumaku, na usumaku huzaa madoa, yaani sehemu baridi za uso wa nyota. Upande wa nyota unaotujia huusogeza mwanga kuelekea buluu, unaotukimbia kuelekea nyekundu. Palipo na doa mwanga hupungua, basi mstari wa spektra hupata kinundu mahali panapolingana na kasi ya sehemu ile. Nyota ikizunguka, kinundu nacho husafiri kutoka buluu hadi nyekundu. Kifuatilie mzunguko mzima na utachora ramani ya madoa.

Usumaku huohuo huipasha moto kromosfia, tabaka la gesi lililo juu ya uso wa nyota, nayo huwaka kwenye mistari ya kalsiamu ya nanomita 393.4 na 396.8. Kupatwa nako kunatusaidia: nyota inapofunikwa kidogo kidogo, upande mmoja wa mzunguko wake hufichika kwanza na mstari mzima unapinda. Wanaastronomia Rossiter na McLaughlin waliliona hili mwaka 1924, mmoja kwenye nyota Beta Lyrae, mwingine kwenye nyota Algol. Hakuna aliyehitaji kupiga picha ya uso wa nyota.

Wengine husema: "Nyota ikififia, inakufa." Hapana. Algol hufifia kila siku 2.87, kwa ratiba. Mwanaastronomia Goodricke alipendekeza mwaka 1783 kwamba inafunikwa na kitu kinachoizunguka, na mwaka 1889 mwanaastronomia Vogel akathibitisha kwa spektra.

Au husema: "Madoa ni mashimo meusi." Ni sehemu baridi tu. Kiini cha doa la Jua kina kelvini 4,000 hivi, uso jirani 5,800, na doa lenyewe bado linang'aa.

Wala usisubiri darubini. Mwishoni mwa Desemba, saa tatu na nusu usiku, tazama kaskazini, nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini: ndiyo Algol. Ilinganishe na nyota Almach, iliyo chini kidogo upande wa magharibi. Kwa kawaida zinalingana. Algol ikipatwa hubaki na karibu theluthi moja ya mwanga wake, na jambo hilo huchukua takriban saa 10 hadi kurudi kwenye hali yake.