Seli za malkia zinavunjwa bure

"Nimevunja seli zote za malkia, mtaalamu, sasa nyuki hawatoki." Nimeisikia Sikonge, nikaisikia Urambo, na juzi nimeisikia tena hapa Tabora mjini kwa mfugaji ambaye nusu ya nyuki wake walishaondoka.

Jamani, seli hizo, vyumba vya nta ambamo nyuki hulea malkia mpya wanapojiandaa kugawanyika na nusu yao kuondoka, ni dalili. Ugonjwa ni msongamano: majana (mayai, mabuu na pupa wa nyuki) yamebana, malkia hana pa kutaga, miombo imechanua na chavua inaingia kutwa. Ukivunja leo, kesho wanaanza nyingine. Seli huzibwa siku ya 8 hivi tangu yai litagwe, na kundi hutoka karibu na hapo, kwa hiyo ukaguzi wa kila wiki mbili haukusaidii. Tena anayeondoka ni malkia mzee, si binti yake. Sasa wewe unafika na kisu baada ya mzee kwenda, unamaliza warithi wote, na ndani hakuna yai wala buu changa la kulea malkia mwingine. Baada ya wiki chache nyuki vibarua, majike wasiopandwa, wanataga madume matupu. Mzinga umekwisha.

Ukikuta seli, mhamishe malkia mzee. Mpeleke mzinga mpya pamoja na viunzi (fremu za masega) viwili vya majana na viwili vya asali na chavua, kisha kung'utia humo nyuki wachanga wa ziada, maana wakubwa watarudi walikozoea. Mzinga wa zamani uachie seli moja au mbili nzuri. Hapo ndipo kisu kina kazi, kwa sababu ukiacha kumi, makundi madogo yataendelea kutoka. Fanya jioni, moshi uwe tayari, halafu usichungulie kila siku! Binti anahitaji wiki mbili au tatu baada ya kutoka kwenye seli ndipo atage.

Eti kugawa mzinga hivyo kunaua asali. Kunapunguza kidogo msimu huo, lakini kundi likitoroka linakwenda na nusu ya nguvu kazi na matumbo yamejaa asali yako.

Mzinga uliobaki mtupu kabisa haukugawanyika, umehamwa. Tafuta siafu, njaa, nyegere, au mkono wako uliovuna mpaka majana.

Na wale wanaosema mzinga unagawiwa "mwezi wowote": fungua mzinga, tazama madume. Kama hayapo, funga urudi nyumbani. Malkia bikira hupandwa angani na madume mengi, na asipopandwa atakutagia madume tu.