Mtaro Umeziba: Diwani Anaweza Nini, Hawezi Nini

Masika yakishika, simu ya diwani haipumziki. Mtaro umefurika, gari la taka halijapita wiki ya pili, jirani katapisha choo mvua ilipokolea. Anayepiga hutaka diwani aje na greda. Mimi ni afisa mazingira, nimekaa vikao vingi na madiwani, na jambo la kwanza ninalotaka lieleweke ni kwamba diwani hana greda. Gari la taka si lake. Nguvu yake iko kwenye vikao, na huko kinachosomeka ni kilichoandikwa.

Chukua mtaro wenyewe. Ukiwa kando ya barabara ya mtaa, ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017 na kuzipokea barabara hizo kutoka halmashauri. Kando ya barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Chemba ya majitaka ikifumuka, utakwenda mamlaka ya maji. Kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Mto kama Msimbazi unaangukia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Halmashauri inabaki na taka, usafi na sheria ndogo. Sasa chupa za plastiki zilizoziba mtaro ni za nani? Zikiwa barazani kwako ni taka. Zikishatumbukia, kila ofisi huitazama mwenzake.

Siku moja nilisimama na diwani juu ya kalavati, maji hayaendi mbele wala nyuma. Chini kuna chupa, kandambili ya mguu mmoja, na godoro limejikunja kama chapati. Mama muuza vitumbua aliyekuwa pembeni akauliza, "Mheshimiwa, na hili godoro nalo linasubiri kikao?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Vijana wa kikundi cha taka walilitoa jioni ileile. Chini yake kulikuwa na ufa kwenye kalavati, na huo ufa ndio uliosubiri kikao.

Kikao chenyewe ni Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Yakitoka hapo, mambo hufika kwenye kamati ya mipango miji na mazingira, kisha Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Huko diwani husimama na taarifa ya kata. Ufa ulioandikwa kwenye muhtasari anaweza kuubana. Ule uliosemwa kwenye simu usiku, hana pa kuushikia. Wala diwani hamwagizi mtumishi mmojammoja. Baraza huazimia, mkurugenzi hutekeleza.

Kuna suala la muda pia, ambalo wengi hatulizingatii. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti huanza kupikwa miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda uliotangulia. Malalamiko ya Aprili, maji yakiwa sebuleni, hukuta chungu kimeshaepuliwa. Ufa uandikie vuli.

Sheria ndogo nazo hupita mikononi mwa madiwani: ada ya taka, faini ya kutupa ovyo. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni, baraza hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Wengi huifahamu siku wanapoandikiwa faini. Ila yako mambo ambayo baraza haliwezi kuyalegeza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo diwani anayekwambia "jenga tu, nitakutetea" anakuuzia mafuriko.

Basi andika. Taja mtaa, tarehe, mtaro umeziba kuanzia wapi hadi wapi, nyumba ngapi zinaingiliwa na maji, na uambatishe picha. Peleka ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka. Kisha baraza likikutana nenda ukasikilize. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi, ingawa msikilizaji hachangii. Ukumbini kwetu viti vya nyuma huwa vitupu, isipokuwa siku ya kumchagua meya.