Vifaa vilivyokatika El Cap: tubadilishe au tuache? Dhana potofu na ukweli

Mjadala wa kubadilisha au kuacha vifaa vya kupandia vilivyokatika ukutani unarudi kila msimu na kila ukirudi watu wanagawanyika makundi mawili, wa kubadilisha kila kitu na wa kutogusa kitu, na mimi naona wote wanaanza na swali lisilo lake. Swali langu ni moja tu: ukishamaliza kazi yako pale, mwamba utakuwa na tundu au kovu jipya au hautakuwa nalo?

Nitaongelea El Capitan (El Cap), hifadhi ya Yosemite kule California, ukuta wa granaiti wa kama mita 900, maana ugomvi mwingi wa upandaji wa vifaa umepiganwa pale. Upandaji wa vifaa ni ule ambao hushiki mwamba kwa mikono, unapachika kitu, unaning'iniza ngazi za utepe, unasimama juu yake, unapachika kingine juu zaidi, hivyo hivyo kwa siku kadhaa. Vingine vinaachwa palepale kwa ajili ya wanaokuja nyuma, na ndo hivyo vinavyokatika.

Dhana: "Kimekatika, kibadilishwe, usalama kwanza"

Inategemea ni kifaa gani. Bolti, yaani chuma kinachokazwa ndani ya tundu lililotobolewa kwenye mwamba, za kituoni, pale mnapojifunga wote na mizigo yenu ya maji na chakula, hizo hazina mjadala, zikichakaa zitolewe ziwekwe imara. Za zamani nyingi zilikuwa za robo inchi, kama milimita 6 tu, na zilitobolewa kwa mkono. Warren Harding na wenzake walipofika juu ya njia ya The Nose tarehe 12 Novemba 1958 walikuwa wameshatoboa bolti 125 hivi, na usiku ule wa mwisho Harding aligonga nyundo mpaka alfajiri. Mimi namheshimu sana kwa kazi ile, lakini chuma chembamba cha enzi zile sio cha kumning'iniza mtu leo.

Sasa kopahedi ni kitu kingine kabisa. Ni kipande kidogo cha shaba au aluminiamu laini kilichobanwa kwenye mwisho wa waya, unakigonga kwenye kamfereji ka mwamba ambako hata kisu hakiingii, kinajaa pale, kinashika. Nyingi zinabeba uzito wa mtu aliyetulia na basi, ukidondoka kwa nguvu inachomoka, na njia za daraja la juu kabisa ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo, unapita kwenye vifaa vingi vya aina hii mfululizo na kimoja kikitoka vingine vinaweza kufuata. Anayetaka kila kopahedi iliyokatika iwe bolti anataka njia nyingine, na njia nyingine zipo, aende huko.

Dhana: "Usiguse kitu, ndo kulinda mwamba"

Hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu wanaoisema wana nia njema. Kopahedi ikikatika mara nyingi kinachokatika ni waya, kile kipande cha shaba kinabaki kimeziba mfereji. Sehemu pekee iliyokuwa inashika sasa imejaa chuma kisicho na pa kuning'inia. Anakuja mtu, amechoka, jua linamchoma, aliyemshikia kamba huko chini analalamika baridi ya kivulini, na mbele yake hamna kitu, anafanyaje? Akiwa mvumilivu anatafuta kaukingo ka kuwekea ndoano apite. Akiwa sio mvumilivu anatoa keekee anatoboa tundu jipya pembeni, na lile tundu halifi, litakuwepo miaka yote, na anayefuata naye akikuta limechakaa anatoboa lingine. Kuna kuta zina mistari ya matundu ya namna hii na ukiuliza yalianzaje utakuta ilikuwa ni waya uliokatika tu.

Kwa hiyo kutoa kile kipande kilichokufa na kugonga kipya mfereji ule ule ndo kulinda mwamba. Ila hapa pana gharama na wanaopenda kubadilisha hawaisemi: ukitoa kwa pupa, kwa tindo nene na nyundo nzito, mfereji unapanuka na kingo zinamomonyoka, na kipya kitahitaji kuwa kikubwa zaidi, na cha baada yake kikubwa zaidi, mpaka siku mfereji unakuwa shimo lisiloshika chochote. Tulishaliona hili kwenye misumari ya mwamba. Miaka ya sitini watu walikuwa wanagonga na kung'oa, wanagonga na kung'oa, na nyufa nyembamba zikawa na mashimo ya kuingiza vidole, nenda kaangalie Serenity Crack hapo hapo Yosemite, makovu yote yale ni nyundo. Ndo maana 1973 Galen Rowell, Dennis Hennek na Doug Robinson walipopanda uso wa kaskazini magharibi wa Half Dome, mwamba mwingine mkubwa wa Yosemite, bila nyundo kabisa, lilikuwa jambo kubwa kuliko kilele chenyewe.

Tindo iwe nyembamba, gonga pembeni ya shaba na sio pembeni ya mwamba, kipande kilegee chenyewe. Na kopahedi nzima inayoshika usiing'oe kuondoka nayo, iache, maana ukiivuta waya ndo unakatika na umemwachia mwenzio tatizo ambalo halikuwepo.

Dhana: "Ukibadilisha umeua ugumu wa njia"

Ukibadilisha vibaya, ndio. Ribiti, yaani kale kachuma kafupi kanakogongwa kwenye tundu la kina kifupi, ikitolewa ikawekwa bolti nene, umempa mtu mahali pa kupumzika na pa kudakwa akidondoka ambapo waliofungua njia hawakuwa napo. Ribiti ilipwe kwa ribiti, tundu lile lile. Lakini bolti ya kituo kuwa imara haigusi ugumu wowote wa katikati.

Zodiac, njia ya El Cap aliyofungua Charlie Porter 1972, iliogopwa sana na leo inahesabiwa A2 hivi, daraja la chini kwenye kipimo kinachofika A5. Aliyeishusha sio mtu wa kubadilisha bolti. Makovu ya misumari yamepanuka mpaka yanakubali vifaa vya kisasa vya kubana, vitu vingi vimeachwa ukutani, na kila hatua inajulikana kabla hujaondoka nyumbani.

Na yule anayetaja jina la Royal Robbins, mpandaji wa enzi hizo aliyepinga bolti nyingi, kila akiona bolti mpya ajue hadithi nzima. 1970 Harding na Dean Caldwell walikaa siku 27 ukutani wakafungua njia ya Wall of Early Morning Light ya El Cap kwa matundu kama 300, Robbins akakasirika, mwaka uliofuata akapanda na Don Lauria huku akikata bolti. Baada ya sehemu chache tu za chini akaacha kukata. Upandaji wa katikati ya zile bolti ulikuwa mgumu na mzuri kuliko alivyodhani.

Dhana: "Yenye kutu ni mbovu, inayong'aa ni nzima"

Hapana. Kutu ya juu juu inaweza kuwa haina maana, na bolti inayong'aa inaweza kuwa imeoza ndani ya tundu ambako huoni. Utepe uliopauka kwa jua, huo usiuamini hata kidogo.

Dhana: "Hifadhi ndo inazitunza, na bolti mpya ni marufuku"

Hifadhi haizikagui wala haizitengenezi. Wanaofanya kazi ni wapandaji wenyewe, wengi wa kujitolea, na American Safe Climbing Association iliyoanzishwa na Chris McNamara 1998 imebadilisha maelfu ya bolti. Wanang'oa ya zamani kwa chuma chembamba chenye ncha mbili, wanapanua tundu lile lile, wanaweka ya nusu inchi au ya inchi 3/8. Kilichopigwa marufuku Yosemite ni keekee ya mota, kwa hiyo tundu moja ni jasho la mkono. Novemba 2023 mamlaka za Marekani zilitoa rasimu iliyotaka bolti zihesabiwe kama majengo yasiyoruhusiwa nyikani, wapandaji wakapiga kelele, na Januari 2025 ikasainiwa sheria inayotambua kwamba vifaa vya kudumu vinaruhusiwa huko.

Waya ukikukatikia, jaribu ndoano kwanza, halafu fimbo ndefu ya kufikia kifaa cha juu yake, na vikishindikana vyote ndo ushike tindo. Ukishuka waambie watu ni sehemu ya ngapi na saizi gani uliyoweka, ili anayefuata abebe inayofaa na keekee aiache kwenye begi.