Nambari ya simu si kufuli: tunayoyaamini vibaya kuhusu waifai ya nyumbani

Jumapili moja jioni niliitwa kwenye ploti moja ya Migosi, hapa Kisumu. Mama aliyeniita alikuwa hasemezani na jirani yake kwa wiki mbili. Intaneti yake ilikuwa ikilegea kila ikifika saa mbili usiku, naye alikuwa na hakika kwamba vijana wa mlango wa pili ndio wanaoinyonya. Tulifungua mipangilio ya ruta tukahesabu pamoja vifaa vilivyounganishwa: simu yake, simu za watoto wawili, televisheni, na kompyuta ya binti yake anayesoma chuoni Maseno. Mgeni hakuwepo hata mmoja.

Nikamuuliza nywila. "Ni nambari yangu tu," akasema. Nambari hiyo hiyo alikuwa ameipaka rangi mlangoni mwa duka lake, kubwa kabisa, wateja waione kutoka barabarani. Alikuwa akimtafuta mwizi ambaye hayupo, na mlango ameuacha wazi. Nimelikuta jambo hilo hilo Manyatta, Kondele, hata kwenye nyumba kubwa za Milimani.

"Ikilegea, kuna anayeniibia"

Mara nyingi hakuna. Saa mbili usiku ploti nzima imerudi nyumbani na kila mtu anatazama kitu. Masafa ya gigahezi 2.4, ambayo kila ruta inayo, yana chaneli 3 tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nyumba kumi na mbili zenye ruta kumi na mbili zinagawana chaneli hizo chache, na ruta zikiwa kwenye chaneli moja hubidi zipokezane: moja ikizungumza, nyingine zinangoja. Hewa imejaa, basi.

Kama ruta yako ina gigahezi 5, hamia huko. Kwa kawaida utaona jina la pili la mtandao lenye "5G" mwishoni. Hiyo haihusiani kabisa na 5G ya kampuni za simu, ingawa wengi huogopa kuibonyeza wakidhani watakatwa pesa. Masafa hayo yana chaneli nyingi zaidi, na kwa kuwa hayapenyi kuta vizuri, mawimbi ya jirani nayo hayakufikii kwa nguvu. Kwenye ploti udhaifu huo ni faida.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma, fanya jaribio moja. Sitisha matumizi ya vifaa vingine, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi. Kisha nenda chumba cha mwisho upime tena. Karibu ikiwa nzuri na kule ikiwa mbovu, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Ikiwa mbovu hata ukiwa umeiinamia ruta, basi piga simu, na usikubali kuambiwa uzime na kuwasha kwa mara ya tano.

Jambo lingine linalozua ugomvi bure ni vipimo. Kifurushi cha 10 ni megabiti 10 kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Unachopata ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua zaidi ya dakika 9 hata mambo yote yakienda sawa. Hujaibiwa hapo.

"Ruta ikae popote, mawimbi yatafika"

Hayafiki popote. Chuma huyarudisha, ukuta wa mawe huyapunguza, na maji huyameza. Nimeona ruta iliyobanwa nyuma ya televisheni, nyingine ndani ya kabati la chuma, nyingine kwenye kona ya jikoni nyuma ya madramu na jerikeni za maji ambazo sisi wa Kisumu huweka akiba mfereji unapokauka. Iinue, iweke katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Vile vifaa vya kuongeza mawimbi vinavyochomekwa ukutani, ningeshauri uvinunue mwisho kabisa: vingi hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu.

"Nambari yangu ina tarakimu kumi, nani ataibahatisha?"

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Watu hudhani mdukuzi husimama nje ya lango akijaribu nywila moja moja mpaka achoke. Sivyo inavyokwenda. Simu yako inapojiunga na ruta ya WPA2, yaani aina ya ulinzi wa waifai inayotumika sana, vifaa hivyo viwili hupeana salamu ya kutambuana, na salamu hiyo hupita hewani. Aliye karibu na kompyuta ndogo anaweza kuirekodi. Nywila yenyewe haimo, lakini kilichomo kinatosha kumwezesha kupima kila anachobahatisha. Anaondoka nayo, anakaa kwake, na ruta yako haitajua kamwe kwamba kuna anayejaribu.

Sasa tuhesabu. Nambari zetu huanza na 07 au 01. Kwa anayejua hivyo, tarakimu zilizobaki ni 8, yaani nambari milioni 100 kwa kila kundi. Kadi ya picha ya kompyuta ya michezo hujaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde. Tuseme laki 5. Nambari zote za 07 zinaisha kwa sekunde 200. Ukiongeza za 01, hazifiki dakika 7. Na hapo hata hajaangalia mlango wa duka lako.

Linganisha na maneno manne yasiyohusiana. Funga macho, fungua kamusi, weka kidole, andika neno. Rudia mara nne. Ukichota katika maneno 8,000 tu, michanganyiko inapita trilioni 4,000, na kadi ile ile ingehitaji zaidi ya miaka 250 kuimaliza. Lakini usichague maneno kwa hisia. Jina la mtoto, kijiji cha kwenu na mwaka wa kuzaliwa ni vitu vinavyojulikana na ploti nzima.

Ruta ikiwa na WPA3, ulinzi mpya uliotoka mwaka 2018, ichague, kwa maana inaziba mwanya huo wa kujaribu kimya kimya. Ukikuta bado inatumia WEP, ulinzi wa zamani kabisa, ibadilishe leo. Ilivunjwa tangu 2001.

Kuna pia WPS, ile njia ya kuunganisha kwa tarakimu 8. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huzikagua nusu kwa nusu, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo majaribio hayazidi 11,000. Izime.

"Nimeficha jina la mtandao"

Jina hilo hutajwa hewani kila kifaa chako kinapojiunga, na simu yako inaweza kuzunguka ikiliita hata uwapo sokoni Kibuye. Kuiwekea ruta orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa nako hakusaidii sana: anwani za kutambulisha vifaa hivyo huonekana hewani na zinaweza kuigwa.

"Mimi sina cha kuibiwa"

Ruta yenyewe ndiyo wanayoitaka. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kote duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, jozi sitini na kitu. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vya watu wa kawaida vilitumiwa kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na tovuti kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Nywila ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta ni tofauti na ile ya waifai, na nyumba nyingi bado zinatumia "admin" mara mbili. Anayeingia hapo anaweza kubadilisha anwani za seva ambazo ruta huziuliza tovuti iko wapi, ukaandika jina la benki yako ukapelekwa kwingine.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta humtoza anayeingia bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini uchunguzi wa kosa lililotendwa kupitia laini yako utaanzia kwako uliyesajiliwa. Ukitaka kumsaidia jirani, washa mtandao wa wageni. Atapata intaneti bila kuifikia kompyuta wala kamera yako.

"Ni faiba, radi haiwezi"

Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Ila ruta imechomekwa kwenye stima. Ngurumo zikianza kutoka ziwani, ichomoe.

"Nywila isiandikwe kamwe"

Yule mama alipopata maneno yake manne aliniuliza, "Sasa nitayakumbuka vipi, kijana wangu?" Nikamwambia ayaandike. Anayenasa mawimbi kutoka barabarani haoni karatasi iliyo ndani ya droo. Akayaandika kwa kalamu nyekundu, akaikunja karatasi na kuiweka pamoja na risiti za duka. Ile ya wageni aliiandika kwenye karatasi nyingine, akatoka nayo kwenda kubisha mlango wa pili.